Gari Limebadilika Baada ya Kuchezewa Sensa ya Hewa: Dalili, Vyanzo na Utatuzi

Wenye magari wengi jijini Dar es Salaam, hasa wa IST, Vitz, Raum na Spacio, wamewahi kuuziwa kijirezista (kifaa kidogo cha kukinza umeme) kinachochomekwa kwenye soketi ya sensa ya joto la hewa kwa ahadi kwamba gari litavuta zaidi. Wengine hung'oa boksi zima la chujio la hewa na kufunga chujio la wazi lenye umbo la pia pamoja na bomba nene linalong'aa. Baada ya muda gari linaanza kula mafuta, kuyumba kwenye sailensa (injini ikizunguka bila mafuta kukanyagwa), kugonga kwenye mlima au kuwasha taa ya injini, na mwenye gari anaanza kubadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta kabla hajakumbuka kilichofanyika kwenye njia ya hewa. Mwongozo huu unafuata malalamiko hayo kimoja kimoja, na msimamo wake unafaa kusemwa mapema: kurudisha mfumo wa hewa ulivyotoka kiwandani ndicho kipimo cha kwanza cha uchunguzi, si hatua ya mwisho baada ya kumaliza fedha Kariakoo.

Sensa inapima nini

Sensa ya joto la hewa ni rezista ambayo ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi ya Toyota hupima takribani omu 2,450 kwenye nyuzi 20 na kubaki na omu 300 na ushee kwenye nyuzi 80. Kompyuta ya gari, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, hutoa volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake na kusoma volti zilizopo kwenye waya wa sensa: volti zikiwa juu inaelewa kwamba hewa ni baridi, zikiwa chini inaelewa kwamba hewa ni ya moto. Hewa baridi ina uzito zaidi kwa ujazo uleule, kwa hiyo inahitaji mafuta zaidi na inaruhusu cheche iruke mapema zaidi. Anayeongeza rezista kwenye waya huo anaidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi kuliko ilivyo. Hewa yenyewe haijapoa hata kidogo.

Kuna aina mbili za injini ambazo zinapaswa kutofautishwa kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu dalili zake hazifanani. Injini za zamani kidogo kama 4E-FE na 5E-FE za Starlet na Corsa hupima mgandamizo ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), kisha hukokotoa uzito wa hewa kwa kutumia joto, na hizo huitegemea sana sensa ya joto. Injini za VVT-i (zinazobadilisha wakati wa kufungua valvu) kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE zina sensa ya MAF, ile ambayo mafundi huiita eafulo, inayopima uzito wa hewa moja kwa moja kwa waya mwembamba uliopashwa moto. Sensa ya joto nayo imo ndani ya gamba hilohilo, kama kitone kidogo kinachoning'inia pembeni, ikitumia waya mbili kati ya tano za soketi: THA na E2. Katika injini za kundi hili la pili kudanganya joto hakubadilishi sana hesabu ya mafuta. Huko kinachoguswa zaidi ni wakati wa kurusha cheche.

Kabla ya kufungua chochote

Soma gari likiwa limelala usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, washa swichi tu na uangalie kwenye skana (kifaa cha kusomea kompyuta ya gari) joto la hewa na joto la maji ya injini. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana, na zote zikaribiane na joto la hewa ya nje, ambalo kwa asubuhi za Dar es Salaam mara nyingi ni kati ya nyuzi 18 na 27 kutegemea msimu. Maji yakisoma 27 na hewa ikasoma 9, kuna mtu ameweka rezista, au kuna kutu kwenye pini za soketi. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinamaliza ubishi mwingi wa gereji.

Kwa wanaotumia vile vifaa vidogo vya blututhi vinavyounganishwa na simu, ifahamike kwamba magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani kabla ya mwaka 2008 si yote yanayokubali kuzungumza navyo. Kifaa kikikataa kuunganika si lazima kiwe kibovu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 fundi anaweza kuunganisha kwa waya alama za TC na CG katika soketi ya uchunguzi, ambazo kwenye soketi ya pini 16 ni namba 13 na 4, kisha akahesabu mimweko ya taa ya injini: 24 ni saketi ya joto la hewa, 31 ni kipima hewa au mgandamizo. Ahakikishe pini hizo mara mbili, kwa sababu pini namba 16 ya soketi hiyohiyo ina umeme wa betri muda wote.

Dalili: rezista imefungwa lakini hakuna kilichobadilika

Hili ndilo tokeo la kawaida kabisa kwa injini yenye MAF, na si hitilafu. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaendelea kusahihisha mafuta, na MAF inaendelea kueleza uzito halisi wa hewa. Wako wanaosema gari lilikuwa jepesi kwa siku za mwanzo. Mara nyingi ni kwa sababu fundi alichomoa betri wakati wa kazi na kompyuta ikafuta masahihisho iliyokuwa imejifunza, jambo ambalo lingetokea hata bila rezista. Iondoe na uunganishe waya upya kwa kulehemu, si kwa kusokota na kuzungushia selotepu.

Dalili: gari linakula mafuta, plagi nyeusi, harufu ya petroli kwenye ekzosi

Katika injini inayotegemea mgandamizo, hesabu yake ni rahisi. Tuseme hewa halisi ni nyuzi 35 na mtu ametoa sensa akaweka rezista moja ya omu 4,700. Kompyuta itasoma nyuzi 5 hivi, yaani asubuhi ya Makete mwezi wa Saba, ilhali gari liko kwenye foleni ya Ubungo. Tofauti hiyo inaifanya iamini kwamba hewa ina uzito wa asilimia 11 zaidi ya ilivyo, na inaongeza mafuta kwa kiasi hicho. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni itaona mafuta yamezidi na kuyapunguza, na kwenye skana utaona marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim) yamekaa karibu na asilimia 10 chini ya sifuri. Ila dereva akikanyaga mafuta hadi chini, kompyuta huacha kusikiliza sensa ya oksijeni, na mengi ya mafuta hayo ya ziada hupita. Vilevile injini ikizimwa ikiwa ya moto na kuwashwa baada ya dakika chache, inapewa mafuta mengi kuliko inavyohitaji, na hapo ndipo starta inapozungushwa kwa muda mrefu huku harufu ikijaa.

Kwa injini yenye MAF, usilaumu rezista haraka. Matumizi makubwa yenye msimbo P0172 (mafuta ni mengi kuliko hewa) yanatokana zaidi na nozeli inayovuja, sensa ya oksijeni iliyochoka, sensa ya joto la maji inayosema injini haijapata moto, au MAF yenyewe kusoma hewa nyingi kuliko iliyopo. Ukiondoa rezista na marekebisho yakabaki palepale baada ya siku mbili tatu za kuendesha, endelea na hayo mengine.

Matumizi ya mafuta ya namna hii yasiachwe kwa muda mrefu. Petroli isiyoungua kwenye injini huenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi (kisafisha moshi, yaani katalisti), yakayeyuka na kuziba, na gari lililotafutiwa nguvu likawa halipandi hata mlima wa Kimara.

Dalili: injini inagonga kwenye mzigo

Mlio wake ni kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, na husikika gari likiwa na abiria, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mguu umekanyaga nusu, kwenye mzunguko wa chini. Hapa ndipo rezista inapofanya madhara hata kwenye injini yenye MAF, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa wauzaji hawaigusi.

Kompyuta huchelewesha cheche hewa inapokuwa ya moto sana, ili mchanganyiko usilipuke wenyewe kabla ya wakati. Sasa chukua rezista ya omu 1,000 iliyounganishwa kwa mfululizo na sensa. Hewa ikiwa nyuzi 35, sensa yenyewe ina takribani omu 1,370. Ukijumlisha unapata 2,370, na kompyuta inasoma nyuzi 21. Uongo ni wa nyuzi 14. Hewa ikifika nyuzi 60 katika foleni ya mchana, sensa inabaki na omu 585 tu, jumla inakuwa 1,585, na kompyuta inasoma nyuzi 31. Uongo umekuwa wa nyuzi 29. Kwa maneno mengine, kadiri hatari ya kugonga inavyopanda ndivyo kinga inavyoondolewa, na hakuna thamani ya rezista ya kudumu itakayokwepa tatizo hilo, kwa kuwa linatokana na jinsi ukinzani wa sensa yenyewe unavyoshuka joto linapopanda.

Injini yenye sensa ya kugonga italisikia jambo hili na kurudisha cheche nyuma, mara nyingi nyuma zaidi ya pale ilipokuwa mwanzo, ndiyo maana dereva analalamika kwamba gari limekuwa zito badala ya kuwa jepesi. Isiyo na sensa hiyo itaendelea kugonga mpaka pistoni au gasketi ya silinda hedi ilalamike. Ondoa rezista kwanza. Kama mlio unaendelea, angalia kiwango cha maji ya rejeta, feni, plagi zenye joto lisilofaa, na ubora wa mafuta uliyojaza mara ya mwisho.

Dalili: taa ya injini imewaka

Misimbo michache inatosha kuongoza. P0113 maana yake volti ziko juu mno: waya umekatika, soketi haijakaa, au rezista ni kubwa kupita kiasi, na skana itaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. P0112 ni kinyume chake, waya umegusana na ardhi (bodi ya gari), na joto litasomeka nyuzi 140 au zaidi. Kwa zote mbili Toyota nyingi huacha kuiamini sensa na kutumia nyuzi 20 za kudumu. Kuna kichekesho fulani hapo: aliyenunua rezista ili kompyuta isome nyuzi 20 angeweza kuchomoa soketi akapata hizohizo bure, pamoja na taa.

P0102 inaelekeza kwenye MAF isiyotoa umeme wa kutosha, na kabla ya kununua nyingine pima kama volti 12 zinafika kwenye waya wa +B (unaoleta umeme wa betri), kwa maana fyuzi ya mfumo wa mafuta au waya uliolika na panya ndio chanzo mara nyingi. P0171 inasema mafuta ni machache kuliko hewa, nayo ndiyo inayofuatana zaidi na mabomba ya kubadilisha.

Dalili: sailensa inayumba, gari linasita, linakosa nguvu juu

Kama gari limefungwa chujio la wazi na bomba jipya, anzia kwenye kipenyo cha bomba mahali MAF inapokaa. MAF haipimi hewa yote. Inapima sehemu ndogo inayopita kwenye mfereji wake na kukadiria iliyobaki kwa kuamini kwamba bomba ni lile la kiwandani. Bomba la asili likiwa na kipenyo cha milimita 60 na jipya likawa na 70, eneo la kupita hewa limeongezeka kwa asilimia 36, na mkondo unaopita mbele ya waya umepungua kasi. Kompyuta itaona kama asilimia 73 tu ya hewa inayoingia. Mafuta yatapungua kwa kiasi hicho, sensa ya oksijeni itajitahidi kuongeza, na marekebisho yakipita asilimia 20 au 25 juu ya sifuri, P0171 inajitokeza. Kwenye mzigo mkubwa, ambako masahihisho hayafiki vizuri, injini inakimbia ikiwa na njaa ya mafuta, joto la chumba cha kuungulia linapanda, na kugonga kunarudi kwa mlango mwingine. Dawa ni kurudisha gamba la asili la MAF ndani ya njia ya hewa. Kubadilisha programu ya kontroli boksi nako kunawezekana, lakini kunahitaji mtu mwenye vifaa vya kupima mchanganyiko, siyo mwenye kompyuta mpakato peke yake.

Kama bomba ni la asili, tofautisha kwa kuangalia marekebisho ya mafuta katika hali mbili. Yakiwa juu kwenye sailensa na kushuka kuelekea sifuri unapoiweka injini kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa ya wizi inayoingia baada ya MAF: mpira wenye mikunjo uliopasuka upande wa chini usioonekana, banio lililolegea, au kibomba kidogo cha hewa kilichosahauliwa kuchomekwa siku ya kazi. Ukunje mpira kwa mkono, uutanue mikunjo yake, na uangalie kwa tochi, kwa kuwa ufa hujificha ndani ya mkunjo na kufunguka tu injini inapotikisika. Marekebisho yakiwa ya kawaida kwenye sailensa na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku MAF chafu au pampu ya mafuta iliyochoka.

MAF chafu ni jambo la kawaida kwa magari yanayopita barabara za vumbi za Goba au Kivule, na zaidi kwa yaliyofungwa machujio ya pamba yanayopakwa mafuta, kwa kuwa mafuta hayo huruka na kushika waya. Fungua skrubu mbili, itoe taratibu, na uangalie ndani ya mfereji dhidi ya mwanga: waya safi unang'aa, mchafu una manyoya ya kahawia yaliyoganda juu yake. Nyunyizia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hizo, bila kugusa kwa kidole, pamba wala brashi, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Dawa ya breki na ya kabureta zisitumike, kwani huweza kuharibu plastiki na gundi. Usiitumbukize kwenye maji kwa nia ya kupima ukinzani wa sensa ya joto, kama inavyofanywa kwa sensa zinazojitegemea. Kwa hii tumia draya ya nywele kwa mbali na uone omu zikishuka taratibu bila kuruka.

Dalili: asubuhi gari ni zima, mchana kwenye foleni ni zito

Chujio la wazi lililokaa nyuma ya rejeta linavuta hewa ya injini, si ya nje. Gari likienda linapata afadhali. Likisimama Mandela Road saa nane mchana, joto la hewa linaweza kupita nyuzi 60, na hapo uzito wa hewa umepungua kwa takribani asilimia 8 ukilinganisha na hewa ya nyuzi 32 ya nje. Hakuna chujio linalopitisha hewa kwa urahisi kiasi cha kufidia hasara hiyo. Ulinganishe mwenyewe: soma joto la hewa kwenye skana ukiwa umesimama dakika kumi, kisha ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Tofauti ikizidi nyuzi 10 au 15, njia ya kuvutia hewa ndiyo yenye ugonjwa.

Hapa ndipo kuna uboreshaji wa kweli, nao hauna mvuto dukani. Magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele na kutengenezwa yamepoteza kinywa cha plastiki kinachotoa hewa karibu na taa au juu ya rejeta na kuipeleka kwenye boksi. Bampa likirudishwa kinywa hakirudishwi. Kitafute kwa wauza vipuri vilivyotumika Ilala, kifunge, hakikisha mfuniko wa boksi unabana pande zote na chujio si lile la bei ya chini ambalo kingo zake hazifiki kwenye mfereji. Injini itapata hewa iliyo baridi kweli, na sensa itasema ukweli kuihusu.

Dalili: misi (silinda kukosa kuwaka) na kuzima baada ya mvua

Kinywa cha hewa kikishushwa chini ya bampa kwa ajili ya kutafuta baridi, msimu wa masika kinakuwa bomba la kunywea maji. Aliyewahi kuona Morogoro Road inavyofungwa eneo la Jangwani anaelewa. Gari likizima ndani ya maji, lisiwashwe tena: maji hayashindiliki, na pistoni ikikutana nayo fimbo yake hupinda. Fungua boksi, ukikuta chujio limelowa toa plagi kabla ya kuzungusha injini. Kama ni unyevu tu uliofika kwenye soketi ya sensa, kausha, safisha pini, na angalia kama sili ya mpira ya soketi bado ipo, kwa sababu ndiyo hukatwa wakati wa kuunganisha rezista.

Baada ya matengenezo

Ukilazimika kununua MAF, linganisha namba iliyochapwa mgongoni na ile ya sensa ya zamani, tarakimu kwa tarakimu, kwa kuwa gamba linaweza kufanana huku mpangilio wa ndani ukitofautiana. Sensa nzuri iliyotolewa kwenye gari lililokatwa mara nyingi ni bora kuliko mpya yenye boksi zuri na bei ya kutiliwa shaka. Mpya ikikusomea hewa ilhali injini imezimwa na swichi imewashwa, irudishe dukani siku hiyohiyo: inapaswa kuwa karibu na sifuri.

Kisha futa misimbo kwa skana, au chomoa betri kwa dakika chache, washa injini bila kugusa mafuta na uiache ipate joto kamili huku kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Endesha kwa siku kadhaa kwenye njia zako za kawaida kabla ya kusoma marekebisho tena. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, kwenye sailensa na kwenye mwendo, mfumo wa hewa umepona, na kama gari bado ni zito tafuta tatizo kwenye gia, breki zinazoshika au mgandamizo wa silinda.